Kiswahili Hakina Mama Mkwe

Wenzangu mliobaki mahakamani mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nawashukuru kwa kudhani kwamba kuna ninayoyakumbuka. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi, maana Kiingereza nimekitumikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na kimestaafu pamoja nami. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini aliulize faili langu. Likipatikana, mnijulishe.

Nilikuwa karani wa mahakama, na huku kwetu karani ndiye mkalimani. Mahakama yenyewe sitaitaja. Iko kati ya Busia na Tororo, ina bati linalopiga kelele mvua ikinyesha hadi kesi inasimama, na anayeijua anyamaze. Shahidi husema kwa Kisamia, Kipadhola, Kiteso, Kijaluo au Kiswahili, mimi nasema kwa Kiingereza, hakimu anaandika. Anaandika nililosema mimi, si alilosema shahidi. Hilo lishikeni sana. Mtu anaweza kulia kizimbani mpaka kola ikalowa, lakini kama mkalimani hakulisema kwa Kiingereza, halikutokea.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha sekondari, tai ya kaka yangu, na kamusi nene ya Kiingereza. Nilimkuta Mzee Wandera, mkalimani wa zamani, Msamia wa Masaba kama mimi. Aliipima kamusi kwa mkono, akaniambia niiweke chini ya mguu wa meza kwa sababu meza inayumba. Nilidhani ananitania. Iliwekwa siku hiyo hiyo, na nilipoondoka mwezi uliopita bado ilikuwa pale. Tafadhali msiitoe, ile meza haijapona.

Badala ya kamusi alinipa daftari la mistari. Aliniambia tabu yote ya kazi hii iko kwenye vitenzi. Majina ya vitu hayana shida: mbuzi ni mbuzi, panga ni panga, na kama hamwelewani vitaletwa mahakamani vyenyewe. Kitenzi hakiletwi. Kila kitenzi cha Kiingereza nikipe ukurasa wake, alisema, na nisiandike maana yake. Niandike kimemfanya nini mtu.

Basi nikaanza. Ukurasa wa kwanza uliandikwa "admit" na wa pili "deny," kukiri na kukana, kwa sababu kila kesi hufunguliwa kwa hivyo viwili. Tatizo ni kwamba nyumbani kwetu hakuna anayekiri wala kukana. Mwulize mtu wa Buteba kama alimchukua mbuzi wa jirani, ataanza na mvua ya mwaka ule. Kiingereza kinataka kitenzi kije mbele haraka kama askari, kwetu kitenzi huja mwisho baada ya wageni wote kukaa.

Mzee Wandera alikuwa fundi wa kukunja. Siku moja mzee mmoja alijieleza mpaka askari akaketi. Katika maelezo yake kulikuwa na mazishi, nguruwe aliyepotea na mashemeji waliopatanishwa kisha wakakosana tena. Wandera alimsikiliza kwa adabu, akakohoa, akasema, "He denies." Hakimu akaandika. Yule mzee akanigeukia na kuniuliza kwa Kisamia kama ni hayo tu. Nilimwambia Kiingereza ni lugha fupi. Nilicheka siku ile, na nilipaswa kuona aibu, lakini nilikuwa nikijifunza kazi.

Mawakili nao wana vitenzi vyao. Wanapenda kumwambia shahidi, "I put it to you." Mara ya kwanza nilifasiri neno kwa neno, nikamwambia mama mmoja kwamba wakili anakuwekea. Mama akainua mikono yote miwili, apokee kwa heshima. Tangu siku hiyo nilifasiri kwamba wakili anasema wewe ni mwongo, kwa sababu ndicho anachosema. Wakili mmoja alilalamika kwamba namkosesha adabu. Nilimjibu kwamba adabu hiyo hakuja nayo.

Kiingereza cha askari wetu ni kingine tena. Huku Uganda, ukimwambia mtu benchini "extend," unamwomba asogee, mwingine akae. Siku moja aliletwa Mkenya, mfanyabiashara wa Busia ya ng'ambo, aliyekamatwa na mitumba bila karatasi. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka na dharau ya kutosha kwa Kiswahili changu. Askari akamwendea benchini akamwambia, "You first extend." Mkenya akadhani anaongezewa siku za rumande na akaanza kuomba msamaha kwa kosa ambalo bado hatujamsomea. Alipopanda kizimbani nilimfasiria kwamba ameshtakiwa kwa magendo. Alisema yeye hafanyi magendo, anabeba tu, kama bibi yake alivyobeba. Nami niliyezaliwa mpakani sikuweza kumcheka, maana hapa tofauti ya kubeba na magendo ni kama afisa ameshakunywa chai.

Mzee Wandera alipostaafu nikabaki bingwa, na ubingwa ukanipanda kichwani. Nikajaza daftari kwa vitenzi vya suti: "aver," "depose," "abscond," "misappropriate." Kabla yangu watu wa Busia walikuwa wakikimbia tu. Mimi ndiye niliyewafundisha kutoroka kwa Kiingereza cha mawakili. Mahakimu walinisifu na mawakili walinikopa maneno. Kwenye kurasa hizo mpya sikuandika tena kitenzi kimemfanya nini mtu, kwa sababu sikuwa nikiangalia. Hapo ndipo ilipoletwa kesi ya Mulanda.

Mke wangu, Athieno, ni Mpadhola wa Mulanda. Kipadhola nilikijifunza kwa kumchumbia, na wakwe nikawapata humo humo. Sisi Wasamia na wao tunatofautiana mengi, lakini kwa mama mkwe tunakubaliana. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja wenu hugundua kuna jambo muhimu sana vichakani. Salamu hupitia kwa mke. Na neno lolote la mwili, la uchi au la matusi halitamkwi akiwa anasikia, wala yeye halitamki ukiwa unasikia. Dada zake ni mama mkwe vilevile, na kwa baadhi yetu ndio wakali zaidi.

Mlalamikaji katika kesi hiyo alikuwa Mama Akongo, mdogo wake mama mkwe wangu, mjane mwenye watoto wanne na shamba moja la mihogo. Mshtakiwa alikuwa Oketcho, ndugu wa marehemu mumewe. Oketcho alilitaka shamba. Alishtakiwa kwamba alikwenda pale na panga, akatishia kumwua shemeji yake, na akafyeka mihogo. Kwenye senta ya Mulanda alikwishamwambia kila mtu kwamba siku atakayoachiwa hatapitia nyumbani, atakwenda moja kwa moja shambani. Kila mtu alimwamini, kwa sababu pembezoni mwa shamba alikuwa amechimba shimo, na halikuwa la choo.

Mama Akongo alipoingia mahakamani nikageukia ukutani. Nikamwomba hakimu anitoe kwenye kesi. Hakimu alikuwa dada kijana kutoka magharibi ya nchi, mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi. Aliniuliza kama huyu ni mama wa mke wangu. Nikasema hapana, ni mdogo wake. Akasema basi ni "aunt," tuendelee. Kiingereza kina neno hilo moja ambamo hutupwa wanawake wote wasiojulikana wafanywe nini. Mwenzangu wa pili aliyejua Kipadhola alikuwa matangani. Nikafasiri nikiwa nimeangalia dirisha.

Mwendesha mashtaka aliuliza mshtakiwa alisema nini siku ile. Nilihisi macho ya mama yule mgongoni kwangu. Kwa polisi alikuwa ameeleza yote, wakaandika yote, lakini maelezo ya polisi hayamfungi mtu mpaka shahidi ayaseme mwenyewe mahakamani. Na mahakamani palikuwa na mkwe wake. Akasema kwa Kipadhola, kwa sauti ya chini, kwamba Oketcho alimsalimia vibaya.

Mwanamke mwenye heshima zake akisema hivyo, kila Mpadhola anajua limeshasemwa jambo la kutisha. Lakini niliona swali linalofuata likija: vibaya namna gani? Na jibu lake lingepita kinywani mwake likaingia kinywani mwangu. Nikalikata njia.

"He greeted her," nikasema.

Hakimu akainua kichwa. "He greeted her?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kisha ikawaje. Mama Akongo akasema Oketcho aliigusa mihogo. Nami nikasema, "He touched the cassava." Hakimu akaandika. Wakili wa Oketcho, mtu ambaye kwa kawaida huuliza mpaka jina la mbwa, siku hiyo hakuwa na swali. Alisimama tu akaomba mahakama iseme kwamba mteja wake hana kesi ya kujibu, kwa kuwa nchi hii haijapiga marufuku kusalimia. Watu wakacheka. Hakimu akasema atatoa uamuzi baada ya wiki mbili.

Nje kwenye veranda Oketcho alinipita akiwa na koti safi. Alisimama akanishika bega.

"Karani, asante," akasema. "Wewe najua kazi."

Nimetukanwa na wafungwa, nimekemewa na mahakimu, lakini hakuna kilichoniumiza kama ile asante. Nilikwenda nyuma ya jengo nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Habari zilinitangulia nyumbani. Athieno hakunipa chai. Nilianza kumweleza mila, yeye aliyezaliwa ndani yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole.

"Mama Akongo alilinda heshima yako. Wewe ulilinda ya nani?"

Nikamwambia mila ilinifunga.

"Mila ilikuambia uangalie ukuta," akasema. "Ya kudanganya uliileta wewe."

Nilitoa daftari nikatafuta "greet." Halikuwemo. Kurasa zote za suti, na kitenzi ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakijua hakikuwa na ukurasa. Nikakifungulia, nikaandika chini yake: kimemwondoa Mama Akongo shambani. Hiyo ilikuwa bado haijatokea, lakini nilijua tarehe.

Tukatafuta njia. Kumleta mkalimani mwingine? Mwenzangu aliyekuwa matangani alioa Mulanda pia. Sote tuliokijua Kipadhola bila kuzaliwa nacho tulikipata kwa njia moja, na njia hiyo huja na mama mkwe. Kulikuwa na karani wa Tororo aliyezaliwa nacho, lakini huyo alikuwa wa ukoo wa Oketcho. Nikasema basi, imeshindikana. Athieno alikuwa akichambua maharagwe. Akaniuliza, bila kuinua uso, mama zake wadogo huuza wapi mihogo yao.

Nikasema sokoni Busia, kwa Wakenya.

Akauliza kama nimewahi kupita pale Mama Akongo akigombana na Mkenya aliyepunja kipimo. Nikasema nimepita. Akauliza kama nilimsikia. Nikasema Busia nzima ilimsikia, mambo aliyomwambia yule mtu kuhusu mwili wake na wa mama yake siwezi kuyarudia. Athieno akaacha maharagwe.

"Na hukukimbia?"

"Nikimbie nini? Ilikuwa Kiswahili."

Tukaangaliana. Ndivyo ilivyo huku kwetu, ingawa hakuna aliyeiandika popote. Kiswahili si lugha ya mama wa mtu yeyote hapa. Kilikuja na askari, madereva wa malori na wachuuzi, na mpaka leo tunakitumia kugombana na kununua samaki. Tusi la Kipadhola linawafikia waliolala kaburini. La Kiswahili linaanguka hapo hapo kwenye vumbi la soko, na jioni mnasahau. Kiswahili hakina mama mkwe. Kiingereza nacho hakina, tumeshaona kinavyowatupa wote kwenye "aunt."

Mimi sikuruhusiwa kuzungumza na shahidi, na kwa mama huyu nisingethubutu. Mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu, ofisini kwa hakimu. Nilijua naweza kurudi nyumbani bila kazi. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema nilifasiri uongo. Akauliza kitenzi gani. Nikamwambia. Akafungua jalada, akapata ukurasa, akausoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

"Karani," akasema, "kwa hiyo hukumu zangu zimekuwa zikiandikwa na mama mkwe wako?"

Nikasema si zote. Halikuwa jibu zuri. Nikamweleza kuhusu Kiswahili. Hakucheka, ingawa kalamu yake ilitikisika. Alisema atamwita shahidi tena, kwani sheria inamruhusu, na kwamba habari yangu mimi ataishughulikia baadaye kwa maandishi. Nilimwomba kitu kimoja, shahidi aulizwe lugha anayotaka. Akasema huulizwa kila mtu. Nikakumbuka kwamba kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikiwajibia.

Siku ilipofika, Mama Akongo aliingia na leso mpya ya Kikenya. Nikageukia dirisha kama kawaida. Hakimu akamwuliza atasema kwa lugha gani. Akajibu, "Kiswahili." Athieno alikwenda wapi wiki ile, mimi sikuuliza. Wakili wa Oketcho akaruka, akasema shahidi ana lugha yake na aliitumia vizuri sana mara ya kwanza. Hakimu akasema mahakama nayo inapenda kujua huwa anasalimiwa kwa lugha ngapi. Wakili akakaa.

Aliulizwa tena, mshtakiwa alisema nini. Safari hii hakushusha sauti. Ilikuwa ile sauti ya sokoni.

"Huyu mtu alisema hivi: 'Mimi navua wewe nguo yote mbele ya watoto yako. Halafu nakata wewe na hii panga. Halafu nazika wewe kwa shimo hii, mihogo iote juu yako.' Na mambo ingine alisema ya mwili yangu. Mnataka?"

Hakimu akasema anataka. Mama Akongo akayasema, moja baada ya jingine, kama anayehesabu mihogo kwenye gunia. Kisha zamu ikawa yangu.

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilikuwa na miaka mingi ya kazi na daftari lililojaa, na hakuna hata kimoja kati ya vitenzi vyangu vya suti kilichonifaa. Nilihitaji vitatu tu. "Strip." "Cut." "Bury." Nikavitamka vyote, kwa mpangilio aliovitaja, na yale ya mwili nikayasema pia bila kuyavisha nguo. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikimtukana mama mkwe wangu kwa sauti mbele ya serikali. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sijawahi kufasiri vizuri kama siku ile. Hakimu aliandika bila kuinua kichwa.

Wakili alijaribu. Alimwuliza kwa nini maneno haya yote hakuyasema siku ya kwanza, au ameyatunga katika wiki hizi mbili.

"Ile siku hapa kulikuwa mkwe yangu," Mama Akongo akasema. "Leo iko karani."

Wakili akafunga jalada lake. Oketcho alikuwa anaangalia viatu vyake. Aliambiwa ana kesi ya kujibu, na baada ya miezi kadhaa alipoijibu hakimu hakumwamini. Alipelekwa gerezani. Alipotoka alihamia upande mwingine wa Tororo, kwa wakwe zake. Shimo lilifukiwa na watoto wa Mama Akongo, wakapanda mihogo juu yake, kwa sababu udongo uliochimbuliwa huotesha vizuri.

Barua yangu ya onyo ilikuja mwezi huo huo. Ndicho kitu pekee ndani ya faili langu kilichoandikwa kwa Kiingereza kizuri. Hakimu alitumia kitenzi "greet" mara tatu, na kila mara kwa usahihi. Nilifasiri kazi yangu yote iliyobaki barua hiyo ikiwa kwenye droo, juu ya daftari.

Daftari nawaachieni. Msihangaike na kurasa za suti, someni zile za mwanzo na ile moja ya mwisho. Mkimsikia shahidi anaanza na mvua ya mwaka fulani, mwacheni, kitenzi chake kiko njiani. Mkiona amewaangalia ninyi badala ya hakimu, jueni kuna kitu anawaficha kwa kuwaheshimu, na mkitoe hata kama kitawachoma. Na mwulizeni lugha. Msimjibie.

Tangu siku ile Mama Akongo na mimi tumekuwa wageni zaidi ya zamani. Zamani alinitumia salamu kupitia Athieno kila wiki. Baada ya kesi salamu zilikatika kabisa, na akiniona Busia huacha hata mizani yake na kwenda nyuma ya kibanda. Sikumlaumu. Niliyoyatamka niliyatamka, na dirisha halikuziba masikio yake.

Siku niliyostaafu, mlinipa saa ya ukutani na hotuba yenye vitenzi vingi, nashukuru. Nilipofika nyumbani nilikuta gunia la unga wa mihogo mlangoni, limeshonwa kwa uzi wa Mulanda. Athieno alikuwa amekaa karibu nalo, anacheka huku anafuta macho. Alisema mama yake mdogo, Mama Akongo, amelileta mwenyewe, ameondoka kabla sijafika, na ameacha ujumbe ambao nisiufasiri vibaya.

"Amesema nikuambie," akasema, "kwamba hakusalimii."